DNA Isiyopima Baba wa Mtu

Kosa lilikuwa langu, ingawa kwa muda mrefu nilimlaumu mama. Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya uzamivu, katika nchi ya baridi ambako nilivaa soksi mbili mbili hata nikiwa ndani, na kila Jumapili mama alinipigia simu kutoka kijijini kwetu, nje kidogo ya Kiomboi. Jumapili moja aliniuliza, labda kwa mara ya kumi, hasa nilikuwa nasoma nini. Mara zote za nyuma nilimjibu kwa mkato kwamba ni mambo ya maabara. Safari hiyo niliona aibu kumkatia mama yangu maneno, nikamwambia ukweli wote: kwamba nachukua vipande vifupi vya DNA, navishikiza kwenye protini, kisha protini hizo nazipanga mahali ninapotaka, ili vijengeke vitu vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ni DNA hii hii inayosemwa redioni. Nikasema ndiyo, ni hiyo hiyo. Akamshukuru Mungu na kuniombea, tukaagana.

Nilipaswa kujua. Kwetu neno hilo lina kazi moja tu, nayo ni kusema mtoto ni wa nani. Linatajwa mwanamume anapokataa matunzo, linatajwa kwenye mirathi, linatajwa kilabuni watu wanapotaniana. Hakuna mtu Kiomboi aliyewahi kusikia kwamba DNA inaweza kuwa kamba ya kufungia kitu.

Nilirudi nyumbani mwezi wa saba, kwa likizo ya wiki tatu, wakati alizeti nyingi zimeshavunwa na watu wana nafasi ya kusikiliza habari za wenzao. Jumapili ya kwanza nilikwenda kanisani na mama. Wakati wa matangazo, baada ya habari za kwaya na za ukarabati wa paa, mzee wa kanisa akaniomba nisimame. Alisema binti yetu amerudi kutoka ng'ambo, ambako amekuwa mtaalamu wa DNA. Nikapigiwa makofi. Niligundua kwamba makofi ya upande wa wanawake yalikuwa na nguvu kuliko ya upande wa wanaume, lakini sikutilia maanani.

Kuanzia Jumatatu nilianza kuelewa. Wanaume niliokuwa nikiwaamkia tangu nikiwa darasa la kwanza waliitikia shikamoo yangu wakiwa ng'ambo ya barabara, bila kusimama. Fundi baiskeli aliyekuwa akinitania kila nikirudi aliniitikia marahaba akiwa amenipa mgongo. Wanawake, kwa upande wao, walikuja nyumbani kwa wingi. Jumanne alikuja mama mmoja, mke wa jirani yetu, akakaa jikoni na mama yangu wakizungumza habari za mahindi kwa muda mrefu, na mwishoni akatoa kwenye upande wa khanga karatasi ya daftari iliyokunjwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na kucha za mtoto mchanga. Alikuwa amezikata mwenyewe mkwe wake alipokwenda kisimani. Alisema hana haraka, hata wiki ijayo.

Nilimweleza kwa upole kwamba mimi sipimi. Alinitazama, akamtazama mama, akasema anaelewa kwamba mambo hayo ni ya siri. Kisha akaniachia karatasi yake pale pale kwenye kigoda na kuondoka. Ilibidi nimkimbilie mpaka barabarani kumrudishia kucha za mjukuu wake.

Alhamisi niliitwa na mtendaji wa kijiji. Alikuwa kijana wa umri wangu, mpole, ambaye alinikaribisha kiti na kuniuliza habari za safari, za masomo, na za hali ya hewa ya huko. Baada ya hapo akapanga kalamu zake mezani na kuniambia kwamba kijiji chetu, kwa ujumla, kimetulia. Ndoa zipo, watoto wanasoma, hakuna malalamiko. Ombi lake lilikuwa kwamba hali hiyo iendelee. Nikachukua karatasi, nikamchorea. Nilichora protini kama kiazi, nikachora uzi wa DNA ukiwa umeshikizwa pembeni yake, nikamweleza kwamba uzi huo una mwenzake mmoja tu duniani wa kushikana naye, kwa hiyo nikiuweka mwenzake mahali fulani, kiazi kitakwenda kukaa hapo hapo. Aliuangalia mchoro kwa makini. Akauliza kama kiazi hicho ni cha mtu yeyote wa hapa kijijini. Nikasema si cha mtu, kimetoka kwa bakteria. Alishusha pumzi, akaniomba niliseme hilo kwenye mkutano wa Jumamosi.

Nikalisema. Nilisimama mbele ya watu nikatangaza kwamba kazi yangu ni kujenga vitu vidogo, na kwamba sipimi mtoto wa mtu yeyote, wala sina kifaa cha kupimia. Watu waliitikia kwa heshima. Jioni mama aliniambia habari zilizokuwa zimeenea: kwamba wanaume wamekwenda kwa mtendaji, na mtendaji amenifunga mdomo.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa bibi, mama yake marehemu baba. Bibi alikuwa amevuka themanini na magoti yake yalikuwa yamekataa safari ndefu, lakini masikio yalikuwa mazima na hakuna habari iliyompita. Kwa kuwa mimi ni mjukuu wake na tuna haki ya kutaniana, kila nilipopita uani kwake aliniuliza leo nimevunja nyumba ngapi. Nilimwambia bado nahesabu. Alifurahi sana.

Mtu mmoja tu hakunitania, na hilo ndilo lililoniuma. Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, ndiye aliyekuwa bingwa wa utani katika ukoo wetu. Alikuwa na mashine ya kukamua alizeti njiani kuelekea mjini, na watu walikuwa wakipeleka mbegu kwake kwa ajili ya mafuta na kukaa zaidi kwa ajili ya maneno yake. Baba alipofariki nikiwa kidato cha pili, yeye ndiye aliyenisindikiza shuleni na sanduku langu kichwani, akiwaambia walimu kwamba ameleta mzigo wa vitabu na binti mmoja wa ziada. Likizo zote za nyuma alikuwa wa kwanza kuja kunipokea. Safari hii wiki moja ilipita bila kumwona. Nikiuliza, mke wake, mama mdogo, alisema yuko kazini. Nikituma salamu, zilirudi salamu.

Jumatatu ya wiki ya pili nilikwenda mwenyewe mashineni. Umeme ulikuwa umekatika na hapakuwa na mteja. Nilimkuta amekaa sakafuni, amefungua sehemu ya mashine na kuipangusa kwa kitambaa, magunia ya mashudu yamepangwa nyuma yake. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea ndoo niigeuze nikalie. Tuliongea habari za mvua na za bei ya mbegu, maongezi ya watu wasiofahamiana. Mwishoni nikamuuliza waziwazi nimemkosea nini.

Aliendelea kupangusa. Akasema sijamkosea. Kisha akaniuliza kama maneno ya mkutanoni yalikuwa ya kweli au ya kutuliza watu. Nikamwambia yalikuwa ya kweli. Akauliza, sasa kama hupimi, huwa unafanya nini na hiyo DNA siku nzima.

Hapo nilimweleza kama sijawahi kumweleza mtu, kwa sababu baba mdogo ni fundi na anajua kusikiliza habari za mitambo. Nilimwambia protini ni mashine. Ziko za kila aina, na mimi nilikuwa natumia zile ambazo zina mdomo: kitu kinaingia, kinakatwa au kinageuzwa, kinatoka kingine. Mashine moja peke yake inafanya kazi, lakini zikiwekwa mbili zinazopokezana, ya kwanza ikitoa na ya pili ikipokea pale pale, kazi inakwenda vizuri zaidi, kama mafundi wanaorushiana matofali wakiwa wamekaribiana. Tatizo ni kwamba ni ndogo mno, huwezi kuzishika na kuzipanga. Ndipo inapoingia DNA. DNA tunaifuma iwe fremu, na kwenye fremu tunaacha nyuzi zikining'inia. Kwenye kila protini tunashikiza uzi ulio mwenza wa ule wa kwenye fremu, nyuzi zinatafutana zenyewe ndani ya maji, na kila mashine inakwenda kukaa kwenye nafasi yake.

Baba mdogo aliweka kitambaa chini. Aliuliza uzi unashikaje kwenye mashine. Nikamwambia una kemikali nchani kama ndoano, na mwilini mwa protini ziko sehemu nyingi ambazo ndoano hiyo inaweza kushika. Akauliza, basi, kazi inakwenda. Nikamwambia jambo ambalo hata mama nilikuwa sijamwambia, kwamba haiendi. Mwaka mzima ulikuwa umepita na mashine zangu zilikuwa zikifika kwenye fremu zikiwa hazifanyi kazi. Nyingine zilikuwa na nyuzi tatu, nyingine nne, nyingine hazina hata mmoja. Nilikuwa nimeanza kufikiri kuacha masomo.

"Hiyo ndoano," alisema baba mdogo, "inashika popote?"

"Popote inapopata nafasi."

"Hata mdomoni?"

"Hata mdomoni."

Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta mbegu zenye mchanga. "Mwanangu, ukimfunga ng'ombe kamba ya mdomo, unategemea ale na nini?"

Nilicheka, na yeye akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilijiona niko nyumbani. Ningependa kusema kwamba siku ile fundi wa alizeti aligundua kitu ambacho wataalamu walikuwa hawakijui, lakini ningekuwa namdanganya msomaji. Msimamizi wangu alikuwa ameniambia jambo hilo hilo mwaka mmoja kabla, kwa maneno marefu na kwa michoro: kwamba niibadilishe protini yenyewe, iwe na sehemu moja tu ya kushikwa, mgongoni, mbali na mdomo. Nilikataa. Kufanya hivyo kulikuwa ni kuanza upya kabisa, kutengeneza protini mpya, kuisafisha, kuipima, na mimi nilikuwa na haraka na nilikuwa nimejiaminisha kwamba nikipunguza tu kiasi cha nyuzi mambo yatanyooka. Maneno ya msimamizi nilikuwa nimeyabishia mwaka mzima. La ng'ombe sikuweza kulibishia.

Baada ya kicheko kile baba mdogo aliinamisha kichwa, akaniambia kilichokuwa kinamweka mbali nami.

Yeye hakufanana na ndugu zake. Baba yangu na wengine walikuwa wafupi, weusi, wenye mabega mapana. Yeye alikuwa mrefu, maji ya kunde, na masikio yake yalisimama pembeni kama vishikio vya sufuria. Tangu utoto wenzake walimtania kwamba ni mtoto wa karani wa pamba, kijana mmoja mgeni aliyewahi kupanga chumba kwa babu kwa misimu miwili, zamani sana. Watoto walikua, wakawa wazee, na utani haukufa. Mpaka leo, alisema, mtu akichelewa kupewa mafuta yake anauliza kama karani amefunga ofisi. Na yeye hucheka kuliko wote. Aliposikia kwamba nimerudi na DNA, alikesha siku tatu akiniwaza. Alitaka kuniomba na aliogopa kuniomba.

Nilimwambia kipimo hicho kina maabara yake ya serikali na taratibu zake, kupitia mahakamani au ustawi wa jamii, na kwamba si jambo la kufanya kienyeji. Sikumwambia kwamba kwa kuwa mimi ni mtoto wa kaka yake, mate yangu na yake yangeweza kusema kitu. Nilikuwa nalijua hilo, na nakiri kwamba kwa dakika moja nilishawishika. Badala yake nikamuuliza, jibu likija vibaya utafanya nini.

"Nitaendelea kukamua alizeti," alisema. "Ningefanya nini kingine?"

"Basi kwa nini unataka kujua?"

Alifikiri. "Ili wakicheka nijue kama nicheke nao kweli au nicheke hivi hivi."

Nikamuuliza kama amewahi kumuuliza mama yake. Akashtuka kana kwamba nimemtukania mama. Mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, mwenye wajukuu, atamwulizaje mama yake jambo kama hilo. Nikamwambia mimi ni mjukuu, naweza kuuliza chochote. Alifunga mashine, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, tukaondoka.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka uani akichambua dengu. Tulimwamkia, tukaketi, na kwa kuwa baba mdogo alikuwa ameanza kuangalia paa la jiko kama fundi aliyeitwa kulikarabati, mimi nikasema. Nilianza kwa utani ili nijifiche, kwamba nimekuja kufanya kazi yangu ya kuvunja nyumba, na leo ni zamu yake. Kisha nikamweleza yote, karani na masikio na miaka yote ile ya kucheka hivi hivi.

Bibi hakucheka. Alimtazama mwanaye kwa muda, mikono yake imesimama juu ya ungo. Akasema kwa Kinyiramba kitu ambacho alikuwa akimwambia akiwa mdogo na anaumwa, ambacho sitakitafsiri. Halafu akarudi kwenye Kiswahili kwa ajili yangu.

"Miaka yote hii umebeba jambo hili, na mimi niko hapa hapa nachambua dengu. Ungeniuliza."

Baba mdogo alisema alikuwa anaona aibu.

"Baba yako ni baba yako," alisema bibi. "Yule karani alikuwa anamwogopa hata jogoo wangu." Akachukua konzi ya dengu, akaichambua, akaendelea kwamba rangi ile na masikio yale si ya mgeni yeyote, ni ya upande wake yeye. Yeye mwenyewe alikuwa amemfuata mama yake kwa weusi, lakini mdogo wake wa kiume alikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyemfahamu kijijini kwetu kwa sababu aliondoka kijana kwenda kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, kabla baba mdogo hajazaliwa, akapotelea huko. Alikuwa amerudi miaka michache tu iliyopita, mzee, akakaa kwa jamaa zao Nduguti, wilaya ya jirani. Bibi alikuwa ameongea naye kwa simu mara kadhaa. Hakuwa amemwona, kwa ajili ya magoti.

Baba mdogo aliuliza kwa nini hakuwahi kuwaambia habari za masikio. Bibi akasema hakuwahi kuulizwa, na kwamba mtu hawezi kukaa akitangaza masikio ya mdogo wake bila sababu. Kisha akasema magoti yake yatavumilia. Twende.

Tulikwenda Jumatano, kwa gari la mteja mmoja wa baba mdogo aliyekuwa akipeleka mashudu kwa wafugaji wa Nduguti. Bibi alikaa mbele na dereva, akimwelekeza njia ambayo dereva aliifahamu kuliko yeye, kwa sababu bibi alikuwa akimwelekeza kwa miti iliyokatwa zamani. Mimi na baba mdogo tulikaa nyuma juu ya magunia, kwenye harufu nzuri ya alizeti, tukimezwa na vumbi. Hakutania njia nzima. Tulipoanza kuona majengo mapya ya ofisi za wilaya, alivua kofia, akaivaa tena, akaishusha mpaka ikafunika masikio.

Mzee alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba ya jamaa zake, amevaa kanzu na baraghashia, redio ndogo mapajani. Huko kwenye mkonge alikuwa amesilimu na kuoa na kufiwa, na Kiswahili chake kilikuwa kimekuwa laini kuliko cha kwetu. Bibi alishushwa taratibu. Alisimama mbele yake, akamwita kwa jina la utotoni. Wale wazee wawili walishikana mikono wakabaki hivyo, mpaka mwenye nyumba akaleta viti kwa sababu tu hakujua afanye nini kingine.

Mimi nilikuwa namwangalia baba mdogo. Alikuwa amesimama kama mtu aliyepigwa shoti. Mzee yule alikuwa mrefu, maji ya kunde aliyechujuka kwa uzee, na pembeni mwa baraghashia yake yalisimama masikio mawili ambayo hayakuhitaji maelezo. Hata namna alivyogeuza kichwa kusikiliza, akitanguliza kidevu, ilikuwa ile ile ya baba mdogo anaposikiliza mlio wa mashine.

Bibi akamvuta mwanaye kwa mkono, akamvua kofia yeye mwenyewe. Baba mdogo akasema, shikamoo mjomba. Mzee alimwangalia kuanzia juu mpaka chini, akazima redio.

"Marahaba," alisema. "Huyu ni mimi nilipokuwa na meno."

Baba mdogo alicheka, kisha kicheko kikamgeukia njiani, ikabidi aende nyuma ya gari kushughulika na magunia ambayo tayari yalikuwa yameshushwa. Hakuna aliyemfuata. Aliporudi alikuwa amenawa uso, na mzee akamwonyesha mahali pa kukaa karibu naye, akaanza kumuuliza habari za mashine.

Tulikula wali kwa kuku, wakaongea mpaka alasiri. Wakati wa kuagana baba mdogo alikuwa amesharudi kuwa yeye. Alikuwa amemwambia mzee kwamba masikio yale yamemsumbua maisha yake yote na anataka fidia, na mzee alikuwa amemjibu kwamba kule Tanga yalimfaa sana, aliweza kusikia gari la msimamizi likiwa bado mbali.

Sasa nifanye jambo ambalo siku ile sikulifanya. Kitaalamu, masikio ya mjomba hayathibitishi baba. Yanaonyesha mama ni nani, jambo ambalo hakuna aliyekuwa na shaka nalo. Kuhusu karani hayasemi neno, si kwa kumtia hatiani wala kwa kumsafisha. Wazo hilo lilinijia pale pale, kijiko kikiwa mkononi, na bila shaka lilionekana usoni mwangu, kwa sababu tulipokuwa tukimsaidia bibi kupanda garini alinishika mkono kwa nguvu na kuninong'oneza.

"Wewe unayejua DNA, nyamaza."

Nilinyamaza. Namwamini bibi, kwa habari ya jogoo na kwa habari ya mengine yote. Na kama ningekuwa simwamini, bado ningenyamaza, kwa sababu nilikuwa nimemwona baba mdogo akirudi kutoka nyuma ya gari.

Siku zilizobaki zilikuwa za kawaida. Baba mdogo alikuja kila jioni kunitania mbele ya mama, na aliwaambia wateja wake kwamba yuko Nduguti mzee mmoja, mjomba wake, na anayetaka kujua masikio haya yametoka wapi akachukue gari. Wateja walicheka. Nilimwangalia akicheka nao, nikaona tofauti, ingawa labda niliiona kwa sababu nilikuwa naitafuta.

Niliporudi maabara nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa msimamizi, nikamwambia nimekubali kuanza upya. Hakuniuliza kilichonibadilisha mawazo, na mimi sikumtajia ng'ombe. Ilinichukua miezi mingi. Nilitengeneza protini yenye sehemu moja tu ya kushikwa, mgongoni. Mara mbili iliharibika nikiwa bado naisafisha, na mara moja nilimwaga kichupa kizima kwa sababu ya kupiga chafya. Kisha asubuhi moja, kwenye jeli tunayotumia kupimia ukubwa, pale ambapo siku zote nilikuwa nikiona mistari mingi iliyochafuana, ulikaa mstari mmoja, msafi: protini moja, uzi mmoja. Wiki chache baadaye niliziweka kwenye fremu na kuziangalia kwa hadubini kubwa. Zilikuwa zimekaa mbili mbili, kila moja kwenye nafasi yake, na nilipozipa chakula chao, ya kwanza ilikigeuza na ya pili ikakipokea. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwa lugha niliyotaka, kwa hiyo nilirudi ndani nikarudia jaribio mara tatu zaidi, maana ndivyo tunavyofundishwa kufurahi.

Nilimaliza masomo, nikarudi nchini, na sasa nafundisha chuo, si mbali sana na nyumbani. Bibi bado yuko. Baba mdogo amefunga mashine ya pili ya kukamua, ndogo, Nduguti, karibu na kwa mjomba wake, na anakaa huko nusu ya kila wiki. Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia simu kulalamika. Alisema mwanamume hawezi kupenda Nduguti kiasi hicho bila sababu, na kwamba huko lazima kuna mwanamke. Nilimwambia ninavyojua mimi, huko kuna mzee mmoja na redio, na wawili hao wakianza kusimuliana habari za Tanga hawakumbuki hata kula. Hakuniamini. Nikamshauri aende akajionee mwenyewe. Alikwenda Ijumaa kwa ghafla, bila kutoa taarifa, akakaa wiki mbili.